Chama cha bustani mtaani: gunia, maji na daftari

Ni nadra chama cha bustani Nairobi kufa kwa kukosa mbegu. Pakiti ya gramu 10 ya sukuma wiki ina mbegu zaidi ya elfu mbili, na agroveti, maduka ya pembejeo za kilimo, haziko mbali. Kinachoua vyama ni mifereji kukauka Januari, na daftari lisilo na mwenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na jembe.

Watu na cheti

Anzeni watu kumi hadi kumi na watano. Kumi ndiyo idadi ya chini inayotakiwa na Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022. Mkizidi kumi na watano, zamu ya mtu inamrudia baada ya muda mrefu mno, naye anasahau kwamba bustani ni yake. Usajili hufanyika katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Mtakwenda na katiba, kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi na kuamua chama kisajiliwe, pamoja na orodha ya wanachama yenye sahihi na nambari za vitambulisho. Cheti kikitoka, angalieni tarehe yake ya mwisho papo hapo na muiandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Chama chenye cheti kilichoisha muda hukwama benki siku ile ile pesa zinapohitajika.

Katiba iliyonakiliwa kwa chama kingine inajulikana upesi: ina kurasa nane za malengo, na hakuna mstari hata mmoja unaosema mboga zikiiva zitagawanywa vipi. Nyinyi andikeni kurasa mbili tu. Nani anaruhusiwa kutoa pesa (sahihi mbili kati ya tatu zinatosha)? Aliyekosa zamu anafanywaje? Mazao yanagawanywa vipi? Chama kikivunjika, tangi na majembe yanakwenda wapi? Na la mwisho, ambalo wengi huliruka: mwanachama akihama anaondoka na nini? Nairobi kodi ikipanda mtu anapakia vitu kwenye mkokoteni Jumamosi moja, na Jumatatu hayupo. Kanuni iliyo rahisi kutetea ni hii: arudishiwe akiba yake, gunia libaki.

Kiwanja

Zamani mahindi yaliyopandwa kando ya barabara yalifyekwa na askari wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, bila maelezo. Tangu 2015 Nairobi ina sheria yake ya kaunti inayotambua na kusimamia kilimo cha mjini. Lakini sheria hiyo haiwapi kiwanja. Kila kipande kina mwenyewe, hata kile kinachoonekana cha bure: ukingo wa barabara kuu, chini ya nyaya za umeme, nyuma ya ukumbi wa kijamii. Pateni barua, hata ya ukurasa mmoja, inayotaja mipaka, muda na jina la aliyeruhusu. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mwalimu mkuu huhama na mwalimu mkuu.

Ukingo wa mto unavutia kwa sababu maji yako karibu na hakuna anayeuliza. Uacheni. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito, na bustani haina utetezi mahali ambapo nyumba zilibomolewa. Mkitaka kufanya kazi pale mtoni, pandeni miti na nyasi za kushika udongo, kwa ruhusa, wala msitegemee chakula.

Jambo la pili ni udongo wenyewe. Magharibi ya jiji, kuanzia Kangemi hadi Dagoretti, ni udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Embakasi, Donholm na South B mnakutana na ule mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi mvua ikinyesha. Huo unahitaji mchanga na mboji nyingi, au muuache kabisa mtumie magunia. Udongo wa karibu na dampo, gereji au mahali palipochomwa betri na nyaya usitumiwe hata mkipewa bure. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa 2007 ulikuta madini ya risasi kwa wingi katika udongo wa karibu na dampo la Dandora. Risasi haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuoshwa, na udongo huo hufika kinywani kupitia mboga za majani, mizizi na vidole vya watoto.

Kisha jua. Kati ya majengo ya ghorofa sita, ua linaweza kuwa pana na bado likapata jua saa mbili tu kwa siku. Nendeni pale saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, mchore kivuli kilipofika. Panapopata jua chini ya saa sita kwa siku, wekeni dania, vitunguu vya majani na kitalu cha miche. Sukuma na spinachi zipewe penye jua.

Gunia, hatua kwa hatua

Bustani ya gunia ilienea sana Kibera na Mathare kuanzia 2008, shirika la Solidarités la Ufaransa lilipozisaidia familia kupanda baada ya ghasia za uchaguzi kupandisha bei ya chakula na kufunga njia. Sababu ya kufaa kwake haijabadilika: gunia moja linakaa penye nafasi ya stuli, na linabeba miche kama 30.

Chukueni gunia la nafaka la kilo 90 lililosokotwa, lisilotobolewa na panya. Likijazwa hadi kimo cha sentimita 80 linakula karibu madebe manane: matano ya udongo, mawili ya samadi iliyooza vizuri au mboji, na moja la mchanga. Kwa udongo mweusi wa Embakasi, punguzeni udongo hadi manne na mwongeze mchanga hadi mawili. Mawe ni karibu nusu debe, kila moja kama yai la kuku. Kokoto ndogo hazifai, kwa sababu udongo unajipenyeza katikati yake na kuziba njia ya maji.

Chagueni mahali kwanza, maana gunia hilo likilowa linapita kilo 200 na halisogei tena. Kwa sababu hiyo hiyo msipange magunia kumi kwenye roshani au paa la zege bila kumwuliza fundi anayejua jengo. Simamisheni gunia juu ya mawe bapa au vipande vya mbao ili chini pasikae maji, kisha kunjeni mdomo wake nje, kama mtu anavyokunja mkono wa shati.

Sasa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Kateni pande zote mbili za mkebe mmoja ubaki bomba, muuweke katikati ya gunia na kuujaza mawe. Zungusheni udongo uliochanganywa pembeni hadi usawa wa mdomo wa mkebe, mkiukandamiza kwa mkono na kuumwagia maji kidogo. Ndipo mvute mkebe juu polepole, mkiuzungusha huku na huku. Mawe yatabaki yamesimama kama nguzo. Rudieni hivyo hadi juu, mkikunjua gunia kadiri linavyojaa. Kosa linalorudiwa kila mara ni kuvuta mkebe kabla udongo haujakandamizwa: unaporomoka ndani ya mawe, nguzo inakatika, na baada ya wiki tatu miche ya chini inanyauka huku ya juu ikistawi. Ukiona hivyo usiongeze maji. Chomeka ubao mwembamba au chuma kirefu katikati uone kilipokwama. Gunia linaloinama nalo lilijazwa upande mmoja kwanza, na dawa yake ni kuanza upya.

Acheni sentimita 10 juu. Mwagieni maji siku tatu mfululizo, udongo ushuke, mwongeze. Siku ya nne toboa mashimo kwa kisu: mpasuo wa kulala wa sentimita 5, usiwe mkubwa zaidi la sivyo udongo utamwagika. Mstari wa kwanza uwe sentimita 20 kutoka chini, wa pili 40, wa tatu 60, kila mstari mashimo manane, ya mstari mmoja yasilingane na ya mstari wa juu yake. Hiyo ni miche 24, na sita inakaa juu.

Panda jioni. Sukuma kidole ndani ya shimo, laza mzizi ukielekea ndani ya udongo, funika hadi shingo ya mche ifichike, kisha bana udongo kwa kidole gumba. Mzizi uliopinda kama ndoana hautashika. Tundikeni kitu cha kuleta kivuli siku tatu au nne za mwanzo, hata kama ni leso ya zamani.

Miche na majira

Kitalu ndicho sehemu ambayo vyama huharakisha, na haifai kuharakishwa. Mvua za masika huja Machi hadi Mei na za vuli Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo sieni katikati ya Februari na mwanzoni mwa Septemba. Mistari iachane sentimita 15, mbegu zikae kina cha sentimita 1. Zitachipua baada ya siku tano hadi saba, na miche itakuwa tayari baada ya wiki nne au tano, ikiwa na majani manne hadi sita. Wiki ya mwisho punguzeni maji ili ikomae. Mche uliodekezwa hunyauka siku ya kwanza kwenye gunia. Pakiti za maziwa zilizooshwa na kutobolewa chini zinafaa kwa miche ya kugawia majirani.

Terere (mchicha), saga (mgagani) na kunde hazitaki kuhamishwa: sieni mbegu pale pale zitakapokulia. Managu (mnavu) huhamishwa bila shida. Na msiwe watu wa sukuma tupu. Ikipigwa na ugonjwa mmoja, mtabaki na magunia ya vijiti.

Julai jiji linapokuwa baridi na mawingu hayaondoki, kila kitu kinaenda polepole. Hapo msiongeze mbolea mkidhani imepungua.

Vuno la kwanza ni wiki ya tano au ya sita baada ya kuhamisha. Vunja majani ya chini, uache matano ya juu. Anayekwangua hadi kilele kwa sababu wageni wamekuja anakula mboga za mwezi ujao.

Wadudu wakuu ni vidukari: wadogo, wa kijivu, wamejazana chini ya jani na kwenye kilele, hasa kiangazi. Anzeni kwa kuwapukusa kwa maji na kutupa majani yaliyojikunja. Wakibaki, nyunyizieni maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai hadi viwili vya sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, chini ya jani ndiko kwenyewe. Ukinyunyizia juu tu au saa saba mchana, unawaacha wao na kuunguza jani. Majani yakianza kuwa manjano kwenye ukingo kwa umbo la V, na mishipa ikawa myeusi, huo ni uozo mweusi, na sabuni haihusiki. Unatokana na bakteria wanaokuja na mbegu na kurushwa na matone ya maji. Ng'oeni mche mzima, utupeni nje ya bustani, wala usiende kwenye mboji. Gunia hilo lipandwe kunde au spinachi msimu unaofuata, wala si kabichi, maana ni ndugu wa sukuma.

Mboji na samadi

Mabaki ya mboga hayakosekani. Kina mama mboga wa mtaani wenyewe wanatafuta mahali pa kuyatupa. Kinachokosekana ni vitu vikavu. Bila hivyo mnapata uozo wenye nzi, na majirani wanaanza kulalamika kwa chifu. Kusanyeni maranda kwa seremala (asiyetumia mbao zenye dawa), majani makavu na maboksi yaliyochanwa. Lundo liwe angalau mita 1 kila upande: tabaka la vikavu la sentimita 15, la vibichi sentimita 10, samadi sentimita 5, maji, kisha tena. Chomekeni kijiti kirefu. Kikitoka na joto na unyevu, lundo linafanya kazi. Kikitoka kikavu, ongezeni maji. Kikinuka, ongezeni vikavu mgeuze. Geuzeni kila wiki mbili au tatu, na baada ya miezi miwili hadi mitatu itakuwa tayari. Mbolea ya kuku ilazwe kwanza muda huo huo. Mbichi huunguza miche.

Maji

Fanyeni hesabu kabla ya kujaza gunia la kwanza. Siku ya jua kali, mtungi wa lita 20 unatosha magunia mawili. Magunia 20 ni mitungi kumi, lita 200 kila siku. Je, mtaa wenu unaweza kutoa mitungi kumi Februari, wakati maji yanakuja mara moja kwa wiki? Kama jibu ni hapana, jengeni magunia manane. Aibu ya bustani ndogo ni ndogo kuliko ya magunia 20 yaliyokauka kando ya njia.

Paa husaidia sana. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 800; toa kama tano moja inayopotea, mnabaki na lita 640, yaani siku tatu za magunia 20. Hivyo tangi la lita 1,000 linawavusha siku tano, haliwavushi kiangazi, na mtu asiwauzie kinyume. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi muiache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funikeni mdomo wa tangi kwa wavu wa mbu.

Maji ya kuoshea mboga na mchele mwageni kwenye gunia. Ya kufulia yapelekwe kwenye miti. Ya mtoni au ya mtaro wa maji taka msiyaguse kwa mboga za majani, hata kama zinastawi nayo vizuri kuliko zenu.

Zamu, pesa na mama mboga

Zamu ziwe za watu wawili wawili, siku moja kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Wawili kwa sababu mmoja akiugua, gunia halijui. Karatasi ya zamu ibandikwe mahali watu wanapopita, isibaki kwenye kikundi cha simu, ambako inazikwa na salamu za asubuhi. Faini ya kukosa iwe ya mitungi, si ya shilingi: aliyekosa alete mitungi minne. Faini ya pesa watu huilipa na kuendelea kukosa.

Pesa zipite kwenye akaunti ya chama au nambari ya chama, kamwe simu ya mweka hazina. Si suala la uaminifu: simu inaibwa, laini inafungwa, mwenyewe anafariki, na fedha za watu zinakuwa urithi wa familia.

Kuuza mboga rejareja mlangoni ni kosa linalovunja ujirani upesi. Mama mboga wa pale analipa kodi ya kibanda na amewakopesha nusu ya wanachama wenu. Mpeni yeye kwa bei ya jumla, asubuhi, vifungu vilivyofungwa sawa, naye atawaambia wateja zilikotoka. Mgao unaovumilika ni theluthi nyumbani kwa wanachama, theluthi ya kuuza, na theluthi kwa kazi ya jamii.

Kazi ya jamii

Theluthi hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya mtaa uilinde bustani. Lakini mpeleke mboga palipokubaliwa, kwa ratiba: kituo cha watoto kila Jumanne kilo tatu, kwa mfano, badala ya mzigo mkubwa siku ya kamera na kimya miezi miwili.

Bustani ya shule hufa Agosti na Desemba shule zikifungwa. Kabla ya kuchimba, andikeni nani atamwagilia likizo na nani anashika ufunguo wa lango. Jibu likikosekana, pandeni viazi vitamu na kunde, ambazo husamehe wiki mbili za kusahauliwa.

Kwa miti, hesabuni iliyo hai. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, na hapo ndipo vuguvugu la Green Belt lilipochipukia. Baadaye kina mama wa vitalu walilipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika. Igeni hesabu hiyo. Ripoti yenu iseme mingapi ilikuwa hai baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka. Shimo liwe sentimita 45 kila upande, udongo wa juu utengwe na urudishwe kwanza ukiwa umechanganywa na samadi, na kila mche upewe lita 10 mara mbili kwa wiki kiangazi cha kwanza. Muringa na mukinduri, miti ya asili, inafaa kwa uwanja wa shule. Mikaratusi isisogee mtoni.

Historia ya chama

Ianzeni mwezi wa kwanza, kabla haijawa historia. Daftari la jalada gumu, kurasa zenye nambari: tarehe, waliofika, kilichopandwa, kilichovunwa kwa kilo, kilichokufa na sababu. Safu ya sababu ndiyo itakayosomwa zaidi miaka mitano baadaye. Pigeni picha moja kila mwezi kutoka mahali pale pale, kwa mfano nguzo ya lango, ili mabadiliko yaonekane bila maelezo. Waanzilishi wahojiwe mmoja mmoja. Wakiwa pamoja, mwenye sauti kubwa huwa ndiye aliyeanzisha kila kitu. Waulizeni ardhi ilikuwa na nini, nani alikataa, na nani aliondoka kwa nini. Majibu yakigongana, andikeni yote mawili.

Barua nazo zina nafasi yake. Mwaka 1989 ulipotangazwa mpango wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Maathai aliandikia ofisi moja baada ya nyingine, na mpango ukaachwa. Siku mtu akija na ramani akidai kipande chenu, barua ya ruhusa, cheti na picha za miaka mitatu zitasema kabla yenu. Zipigeni nakala mbili: moja kwa katibu, nyingine kwa mwanachama anayeishi ploti tofauti, ndani ya mfuko usiopitisha maji, juu ya kabati wala si chini ya kitanda.